Nusu Saa Bila Moto

"Ukishaziona, halafu?"

Mama mkubwa aliniuliza hivyo huku akisukuma kisiki motoni kwa mguu. Hata hakugeuka. Nilikuwa nimetoka kumweleza, kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika, kwa nini nimepanda Noah kutoka Nachingwea hadi Ruangwa, na kutoka hapo bodaboda hadi shambani kwake Nambilanje, nimebeba mkeka, daftari na darubini ya mkono ya mtumba. Nilimwambia nataka kulala chali nitazame nyota mahali pasipo na taa. Ndipo akauliza.

Mimi ndiye niliyezoea kuuliza. Chuoni wenzangu waliguna kila niliponyoosha mkono dakika tano kabla ya kipindi kwisha. Na sasa dada wa mama yangu, aliyeishia darasa la nne, ndiye aliyeniuliza mimi, kwa maneno mawili tu. Nikasema kitu kuhusu kujifunza. Akasema, "Haya," kwa sauti ya mtu aliyetajiwa bei asiyoiamini, akaendelea na kisiki chake.

Ilikuwa Mei, na mtama wake ulikuwa umebakiza kama wiki mbili uvunwe.

Mwaka ule hakuwa na chakula kingine. Mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini, ufuta haupikwi ugali, na korosho ni za mwisho wa mwaka. Msimu uliotangulia tembo walikuwa wameingia mara moja tu na kuacha chini ya nusu ya shamba, na Mama mkubwa akaishi kwa unga wa kutumiwa na wadogo zake. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Kila gunia lilipofika Mama mkubwa alishukuru sana, na kila aliposhukuru nilimwona akisinyaa kidogo. Kwa hiyo safari hii, masuke yalipoanza tu kujaa, alifunga mlango wa nyumba yake kijijini akahamia shambani. Mchana aliamia ndege, akiwafukuza wasile masuke. Usiku alikaa juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa kwa nguzo nne katikati ya shamba, na chini yake aliwasha moto wa magogo ambao haukulala hata siku moja. Karibu na mkono wake lilining'inia debe tupu la mafuta na kipande cha mchi cha kulipigia. Nilipofika alikuwa katika wiki ya sita. Macho yalikuwa mekundu na alikuwa akisinzia katikati ya sentensi, kisha anaimalizia kama vile hakusinzia.

Kwangu mimi nyota zilianza kwa umeme kukatika. Nilikuwa mwalimu wa kujitolea wa fizikia katika sekondari moja Nachingwea, nikisubiri ajira ambayo kila mtu alisema iko njiani. Jioni moja mji mzima ulizimika nikiwa uani nasuuza vyombo, nikainua macho. Siku ileile asubuhi nilikuwa nimeandika ubaoni kasi ya mwanga, tarakimu zote, kwa mbwembwe. Na sikujua jina la nyota hata moja kati ya zile zilizokuwa juu ya paa la nyumba niliyopanga. Watu husema walivutiwa. Mimi niliudhika. Nilijiona kama mtu anayefundisha ramani ya mji ambao hajawahi kutia mguu.

Nikapakua programu ya ramani ya anga kwenye simu. Wiki ya kwanza iliniaibisha: nilikuwa nimeegemea geti la chuma, dira ya simu ikapoteza mwelekeo, nami nikaenda kuwatangazia wanafunzi kwamba nimeiona sayari ya Zohali mahali ambapo Zohali haikuwepo. Msichana mmoja wa kidato cha pili alikwenda kuhakikisha kwa simu ya baba yake, akaja kunisahihisha mbele ya darasa. Kuanzia hapo sikuiamini tena programu mpaka niwe nimehakikisha kwa macho. Darubini niliikuta sokoni kati ya viatu na redio mbovu. Upande mmoja ulikuwa umepinda, kila nyota ikawa mbili, nikazoea kufumba jicho la kushoto.

Nilijifunza pia kwamba ni afadhali kulala kuliko kusimama, kwa sababu mikono hutetemeka na nyota hutetemeka nayo. Nilijifunza kwamba macho yanahitaji karibu nusu saa gizani ndipo yafunguke sawasawa, na kwamba ukiangalia simu mara moja tu, unaanza upya. Mwanga mwekundu hauna madhara makubwa, kwa hiyo nikaifunga tochi yangu kwa kipande cha jezi nyekundu. Kilichobaki ni giza lenyewe, na mpangaji mwenzangu alikuwa amefunga taa ya ulinzi inayomulika ua mzima. Nikatafuta kwenye kalenda siku zisizo na mwezi, nikaomba ruhusa shuleni, nikaenda kwa Mama mkubwa.

"Umechagua siku zao," aliniambia jioni ile ya kwanza.

"Za nani?"

"Wakubwa."

Tembo hawakutajwa kwa jina baada ya jua kuzama. Nilipouliza kwa nini, Mama mkubwa alisema ndivyo ilivyo, jibu ambalo huniwasha mwili mzima. Lakini hili la siku za giza nilitaka kulielewa. Nikamuuliza tembo wanajuaje kwamba leo mwezi haupo.

"Waulize. Si una maswali."

Naye alikuwa na lake. Akanitaka nimwonyeshe Kilimia, lile kundi la nyota linalowaambia wakulima msimu. Nikafungua simu, nikatafuta, nikamwambia kwa sasa Kilimia kiko nyuma ya jua, hakionekani. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike. Alikuwa anajua. Tangu utoto wake alikuwa anajua kinapoondoka na kinaporudi. Alitaka tu kuona kama na simu yangu inajua.

Jirani wa upande wa magharibi alikuja kunitazama kabla giza halijaingia. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye shamba la muhogo na mtama lililopakana na la Mama mkubwa, na kwa makabila yao walikuwa watani, maana yake alikuwa na haki ya kumtukana Mama mkubwa wakati wowote, hata msibani, hasa msibani, na yeye asikasirike. Alinizunguka kama anayekagua mbuzi.

"Mtani, huyu ndiye msomi wenu? Mbona kabeba mkeka kama anakwenda kujifungua?"

Mama mkubwa akamwambia nimekuja kutazama nyota.

"Wamekuletea mlinzi anayeangalia juu," alisema mtani. "Na wale wanatembea chini. Mwaka huu mtavuna kwa darubini."

Nilicheka, lakini nilichunguza pia. Niligundua kwamba mashamba yale yalikuwa na makubaliano yasiyoandikwa popote. Kila mlinzi alipaswa kuuona moto wa mwenzake. Anayewasikia tembo kwanza hupiga debe, wengine hupokea, na kelele huwasukuma kurudi bondeni, kusini, walikotoka. Mtu aliyelala kwenye lindo alikuwa ameacha mlango wa kila mtu wazi. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye alilala misimu mitatu nyuma, na bado alipozungumza kwenye mkutano wa kijiji watu waliangalia pembeni.

Usiku wa kwanza nililala chini ya dungu na sikuona kitu cha maana. Moto ulinila macho. Kila nilipoanza kuzoea giza, kijinga cha moto kilianguka, miali ikaruka, nikaanza upya. Moshi ulipanda moja kwa moja kuelekea mahali ambapo nyota za Msalaba wa Kusini zingekuwa. Nilikuwa na usiku mmoja tu uliobaki kabla ya kurudi kazini, na nilihisi ule wasiwasi wangu wa siku zote, ule wa kuwa karibu na kitu na kuzuiwa na jambo dogo.

Kwa hiyo usiku wa pili, tulipomaliza kula, nilimwomba aufunike moto kwa nusu saa.

Akakataa. Nikajenga hoja. Nilimwambia amelinda wiki sita na tembo hawajaja hata mara moja, na kwamba hawezi kujua kama moto ndio unaowazuia au wako tu mahali pengine, kwa sababu hajawahi kujaribu bila moto. Nilimwambia moto wa mtani unaonekana, unatosha. Nilimwambia nusu saa ni muda wa kupika maharage yaliyolowekwa. Yeye alikuwa na usingizi wa wiki sita na mimi nilikuwa na shahada. Nilijua nimeshinda kabla hajainuka. Akachukua jembe, akasukuma majivu juu ya makaa mpaka wekundu ukapotea.

"Nusu saa," alisema. "Na hapa hapa. Mwambani usiende."

Mwamba ulikuwa mwisho wa shamba, upande wa kusini, jiwe bapa lisilofika hata kiuno, kabla tu ardhi haijaanza kuteremka bondeni. Ndipo pekee ambapo mikorosho haikuzuia anga. Nilimwambia hapa nitaona paa la dungu na matawi, na kwamba kutoka mwambani hadi hapa ni hatua mia mbili. Akashusha pumzi.

"Ukisikia debe, usikimbilie bondeni. Wakishtuka ndiko wanakokimbilia."

"Nifanye nini basi?"

"Lala tu."

Nikaenda nikitembea kati ya safu za mtama ulionizidi urefu, tochi yangu nyekundu ikimulika mabua kwa rangi ya nyama mbichi. Jiwe bado lilikuwa na joto la mchana. Nikatandika mkeka, nikazima tochi, nikalala chali.

Sitaki kuongeza chumvi kuhusu nilichokiona. Dakika kumi za kwanza niliona nyota kama zile za Nachingwea, nyingi kidogo. Halafu giza kati ya nyota likaanza kujaa. Njia Nyeupe ilitokea taratibu, kama maziwa yanavyoingia kwenye chai bila kukorogwa, ikiwa na mabaka meusi ndani yake ambayo nilidhani ni mawingu mpaka nikakumbuka kwamba mawingu husogea. Nikaupata Msalaba wa Kusini. Nikazipata nyota mbili zinazouelekeza, na ile angavu zaidi nikaijua kwa jina, Alfa Sentauri, ambayo mwanga wake ulikuwa umesafiri miaka minne na zaidi kufika kwenye jicho langu la kulia. Hilo nililifundisha kila mwaka. Nilikuwa silijui.

Nusu saa ilikwisha. Najua ilikwisha kwa sababu simu niliyoiwekea kengele ilitetemeka mfukoni. Niliizima bila kuitoa, kwa kugusa tu. Nilikuwa natafuta fundo moja la nyota lililo juu kidogo ya hapo, nyota nyingi mno na mbali mno kiasi kwamba kwa macho huonekana kama doa la ukungu. Nilijiambia dakika tano. Nilipolipata nilijiambia tano nyingine, nilichore. Sijui ilikuwa mara ngapi.

Nilikuwa nimeishusha darubini ili niandike, nikitazama chini kuelekea kusini, pale anga inapokutana na miti ya bondeni, nilipoona kwamba kuna nyota zimepungua.

Akili yangu ilifanya inachofanya siku zote. Ilisema wingu. Kisha ikasema hapana, wingu halina ukingo mkali namna hiyo. Ikasema mti, na ikajibu kwamba mti haukuwepo. Nyota moja iliyokuwa chini kabisa, karibu na upeo, ikazimika. Nikaitazama mahali ilipokuwa. Ikarudi. Ya kushoto yake ikazimika. Nilikuwa bado nahesabu, naapa, nilikuwa na kalamu mkononi, wakati harufu ilipofika: samadi, majani yaliyotafunwa, na kitu kingine kama nguo iliyolowa ikasahaulika.

Hawakutoa sauti yoyote. Hilo ndilo ambalo mpaka leo mwili wangu haujalikubali. Wanyama wa ukubwa ule walipanda kutoka bondeni wakanipita upande wa kulia, umbali ambao ningerusha kandambili ningempiga mmoja, na nilichosikia ni pumzi tu na mchanga ukishindiliwa taratibu. Upepo ulikuwa unatoka kwao kuja kwangu. Nilijua kwamba hilo ndilo lililoniokoa mpaka sasa, na nilijua kwamba upepo hubadilika. Nililala na daftari kifuani. Kwa muda nilihesabu nyota zinazozimika na kuwaka, nikapata wanne, kisha sita, kisha nikaacha.

Wakaingia kwenye mtama.

Sasa sauti zikaanza. Bua linavunjika kama kidole. Halafu mengi pamoja. Nikangoja debe. Kila sekunde nilijiambia sasa, sasa atapiga. Mama mkubwa alikuwa hatua mia mbili kutoka kwangu, na kutoka kwao hazikufika mia. Asingeweza kukosa kusikia. Mlio ule wa bati haukuja. Moto wa mtani ulikuwa doa jekundu upande wa magharibi, na kwake nako kulikuwa kimya.

Nilifikiria kupiga simu nikaogopa mwanga wa kioo. Nilifikiria kupiga kelele mwenyewe, nikaogopa zaidi. Kisha nikafikiria jambo ambalo hunitia aibu kuliko yote: nilimkasirikia. Nilisema moyoni, amelala. Wiki sita anajigamba na lindo lake, na usiku mmoja wanaokuja, amelala.

Sijui ilidumu muda gani. Walikula kwa utulivu wa watu walioalikwa. Mwishowe mabua yakaanza kuvunjika mbali zaidi, upande wa magharibi, na ghafla debe la mtani likalia, kisha honi, kisha madebe ya mashamba ya mbele yakapokea, na nikasikia kishindo kikielekea kwingine kabisa, kikizunguka mbali na mimi mpaka kikafia bondeni.

Mama mkubwa alikuja akipita katikati ya mabua yaliyolala, bila tochi, akiniita kwa sauti ya chini kama mtu anayeita mtoto aliyelala chumba cha pili. Akanifikia. Alinishika kichwa, mabega, akateremka hadi miguuni akanishika vidole, kimoja kimoja.

"Umejikojolea?"

"Hapana."

"Mimi kidogo," alisema, akachukua mkeka.

Asubuhi tuliona. Kilichobaki kilikuwa ukanda mmoja wa mashariki na mabaka huku na huku. Masuke mengine yalikuwa yamekanyagwa tu, hayakuliwa, yamesagwa pamoja na kinyesi chenye ukubwa wa sufuria. Majirani walikuja mmoja mmoja, wakasimama, wakapiga ulimi. Mtani alifika wa mwisho. Kwake nako muhogo ulikuwa umeng'olewa safu kadhaa. Aliangalia majivu yaliyopoa chini ya dungu, akaniangalia, akamgeukia Mama mkubwa mbele ya wote.

"Mtani. Usingizi ulikuwa mtamu?"

Mama mkubwa alikuwa ameshika suke moja, anapukuchua mtama kwenye kiganja.

"Mtamu," alijibu.

"Uliota nini?"

"Niliota umeoga."

Watu wakacheka, kwa sababu ndiyo kazi ya mtani, na kicheko kile kikalifunga jambo. Alilala. Alikuwa amesema mwenyewe. Niliyaangalia yale majivu. Ni sisi wawili tu tuliojua kwamba moto haukufa wenyewe, na kwamba nusu saa haikuwa nusu saa. Nilingoja aseme. Kila mtu aliyefika nilingoja amwambie, huyu mtoto aliniomba. Hakusema. Nami nilikuwa na nafasi ileile, mdomo uleule unaouliza kila kitu, na nilisimama pale nikikunja mkeka uliokuwa umeshakunjwa.

Alipokuja mtu wa wanyamapori kuandika hasara kwa ajili ya kile wanachokiita kifuta machozi, aliuliza kama shamba lilikuwa na mlinzi. Mama mkubwa akasema mlinzi ni yeye mwenyewe na alipitiwa na usingizi. Yule mtu akaandika hivyo. Niliiona kalamu ikiandika.

Wiki iliyofuata mama yangu alinipigia Nachingwea. Alikuwa anafunga tena gunia la unga. Alilalamika kwamba dada yake kalala lindo, mtu mzima, wiki mbili kabla ya mavuno, na sasa tutambeba tena mwaka mzima. Nikasema, ndiyo, alikuwa amechoka.

Nilijaribu kujitetea kwa njia ninazozijua. Nilijiambia usiku mmoja hauthibitishi kitu. Nilijiambia huenda wangekuja hata moto ungewaka; mwaka uliotangulia moto uliwaka na walikuja. Nilijiambia kwamba hata hivyo, mlinzi ni mlinzi, na angekuwa macho angepiga debe mapema na hasara ingekuwa kidogo. Hoja hii ya mwisho niliishikilia sana, kwa sababu ilinigawia kosa nusu. Darubini niliiweka chini ya kitanda. Ilikaa huko hadi Novemba, nilipoona Kilimia kimerudi mashariki baada ya swala ya Magharibi na nikajikuta naitafuta kabla sijaamua kuitafuta.

Mama mkubwa hakulizungumza tena. Nilipokwenda Sikukuu alinipikia, akaniuliza kama nyota zangu hazijambo. Lakini msimu uliofuata watu wa mashamba yale walipopanga lindo walimweka katikati, kati ya wengine wawili, mahali wanapowekwa wasioaminika. Alikubali. Niliposikia nilijiambia nitakwenda kijijini niwaeleze ukweli kuhusu moto, na nikapanga tarehe, na tarehe ikapita.

Ajira yangu ilipotoka nilipangiwa Ruangwa, na kufikia hapo miaka miwili na zaidi ilikuwa imekwisha. Siku moja nilimkuta mtani kwenye benchi la hospitali, amempeleka mkewe kliniki ya macho. Alinijua kabla sijamjua.

"Mwalimu wa nyota. Umezimaliza?"

Nikakaa karibu yake. Tukataniana kidogo. Alitaka kujua mshahara wangu na sababu ya kutoolewa, kwa mpangilio huo. Nikaona niingie kwenye utani wake kwa mlango niliodhani uko wazi. Nikamuuliza kama yule mlinzi wake anayelala bado anamsumbua.

Hakucheka. Aliangalia mlango wa chumba cha daktari, akaangalia mikono yake. Aliniuliza kama Mama mkubwa hajawahi kuniambia. Nikamuuliza kuniambia nini. Akasema yeye aliahidi kunyamaza, na amenyamaza, na ule utani wa asubuhi ile Mama mkubwa mwenyewe ndiye aliyemwomba aufanye, mbele za watu, ili pasiwe na maswali. Lakini kusikia mimi ninamwita mlinzi anayelala, hilo hawezi.

"Hakulala," alisema.

Alinieleza kwa sauti ya chini, mkewe akiwa ndani. Alikuwa ameona moto wa mwenzake hauonekani, akawa tayari ameshika debe, simu ikaita. Ilikuwa Mama mkubwa, akinong'ona. Alimwambia wakubwa wako kwenye mtama, kati yake na bonde, na mtoto yuko mwambani nyuma yao. Asipige. Mtu yeyote asipige. Wakishtuka watarudi walikotoka, na watapita juu yangu. Kisha hakuikata simu. Mtani aliiweka sikioni, debe likiwa magotini, akakaa hivyo akisikiliza mabua ya mtama yakivunjika, safu baada ya safu, na pumzi za Mama mkubwa, na hakuna neno, mpaka walipoumaliza mtama wakageuka kuingia kwenye muhogo wake, mbali na mwamba. Hapo ndipo alipomsikia akisema, "Sasa piga."